Gurudumu la Ndani

Sisi tunaozungumza nanyi ni mume na mke. Mmoja wetu aliendesha lori la chama cha ushirika cha kahawa kwa miaka mingi. Mwingine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sasa tumestaafu, tunafuga ng'ombe wachache. Tukisema Baba au Mama katika mazungumzo haya, mtajua ni nani kati yetu.

Tumeombwa tuseme juu ya safari. Wengi wetu tukisikia neno hilo twafikiria basi la usiku, mizigo juu ya keria na kuku chini ya kiti. Lakini safari tutakayowasimulia leo tuliisafiri tukiwa ndani ya nyumba, na nyumba yenyewe ikikimbia barabarani.

Mwezi wa Julai mwaka 2019 tulikwenda kumtembelea kijana wetu wa kwanza katika mji wa Minneapolis, huko Marekani. Yeye ndiye aliyetununulia tiketi za ndege. Tulikuwa tumemkumbusha mara nyingi, kwa upole lakini bila kuchoka, kwamba wazee fulani na fulani wa kanisa letu walikuwa wamekwisha kualikwa na watoto wao walio ng'ambo. Basi akatualika. Alitupokea uwanja wa ndege kwa furaha, akatupeleka kulala kwa jamaa mmoja wa kanisa lake. Nyumba yake mwenyewe, alisema, ilikuwa ikipakwa rangi. Baada ya siku tatu akatuambia kwamba amehamishwa kikazi hadi Seattle, mji ulio karibu na bahari ya Pasifiki, na kwamba rafiki yake amemwazima gari. Badala ya kuruka angani na kuona mawingu tu, twende naye kwa barabara tuione nchi.

Gari lenyewe lilikuwa la namna ambayo hatujapata kuiona kwetu. Mbele ni kichwa cha lori dogo, na nyuma ni nyumba: vitanda, meza, jiko la gesi, friji, choo, na bafu ambalo mtu huoga akiwa amebana viwiko. Juu ya dereva kuna kitanda kama dari. Sisi tuliliita gari-nyumba. Kwenda juu lilikuwa na futi 11, na hesabu hiyo kijana wetu alikuwa ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi mbele ya usukani, ili asisahau akaingia chini ya paa fupi. Nyuma lilikuwa na magurudumu manne, mawili mawili kila upande, kama lori. Tafadhali yakumbukeni magurudumu hayo.

Kutoka Minneapolis hadi Seattle ni kama maili 1,650, yaani zaidi ya kilomita 2,600. Ni karibu sawa na kwenda kutoka Mombasa hadi Malaba mara tatu. Tuliondoka siku ya Alhamisi. Kabla ya kuwasha injini tuliomba, kama ilivyo desturi yetu, tukamwomba Bwana ayatunze magurudumu yetu.

Ajali ya kwanza ilitokea kwenye kona ya kwanza. Mama alikuwa amepanga vyombo kabatini vizuri kama nyumbani, lakini hakujua kwamba katika gari-nyumba kila mlango una kufuli lake dogo, na lazima lilie "tik" kabla ya kuondoka. Kona ilipokuja, kabati lilifunguka. Sufuria ikatangulia, mwiko ukafuata, na paketi ya unga wa ugali ikapasuka sakafuni. Friji nalo likafunguka likatoa mayai. Baba aliyekuwa amekaa mezani alionekana kama mtu aliyetoka kwenye kinu cha kusaga. Kijana wetu alisimama kando, akafagia bila kusema neno, kisha akatufundisha: funga kabati, funga friji, zima gesi, ingiza ngazi ya mlangoni, angalia madirisha ya juu. Kila asubuhi ni hivyo hivyo, na siku utakayosema unajua ndiyo siku utakayosahau moja.

Tena kuna jambo la maji machafu. Msituone wakosefu wa adabu kulitaja. Kama hukulitaja hukusimulia safari ya gari-nyumba. Chini ya sakafu kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Yakijaa unakwenda mahali maalumu, unavaa glavu, unaunganisha mpira mnene, na unafungua la choo kwanza. Likiisha ndipo unafungua lile la maji ya vyombo, ili yausafishe mpira. Baba alitaka kusaidia, akashika kishikio cha tangi ambalo zamu yake haikuwa imefika, tena kabla ya mpira kufungwa sawasawa. Viatu alivyonunua kwa safari ile hatukurudi navyo Kenya.

Tulicheka sana jioni hiyo. Lakini Baba alituambia baadaye kwamba aliona kitu. Kijana wetu alifanya kazi ile kwa haraka na kwa utulivu, kama mama anavyobadilisha mtoto wa nne. Ufundi wa namna hiyo hauji kwa siku mbili. Mama naye alikuwa ameona kitu kingine. Alipokuwa akitafuta blanketi chini ya kitanda alikuta makoti mazito ya baridi na mkebe wenye vyeti vyote vya shule vya kijana wetu, tangu cha msingi. Mtu aliyeazima gari la rafiki hawezi kuweka humo vyeti vyake. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Sisi wazazi tuna macho mazuri ya kuona lile tunalotaka kuliona.

Siku ya pili tulivuka jimbo la North Dakota, nchi pana kama bahari ya nyasi. Karibu na mji mdogo wa New Salem tuliona juu ya kilima ng'ombe wa ajabu, sanamu yenye urefu wa futi 38 kwenda juu, nyeusi na nyeupe, aina ile ile ya Friesian tunayofuga kwetu. Wenyeji wanamwita Salem Sue, na wamemsimamisha hapo tangu mwaka 1974 kwa heshima ya wafugaji wa maziwa. Mama alimtazama mpaka akapotea nyuma ya vilima. Tulikuwa tumemwuza mmoja wetu wa rangi hiyo hiyo ili tupate fedha za mkononi za safari, na fedha hizo zilikuwa zimefungwa katika pindo la leso ya Mama.

Usiku huo tulilala Medora, mahali penye mabonde yaliyochongwa na maji na upepo mpaka udongo unaonyesha mistari myekundu, ya kijivu na meusi. Huko Theodore Roosevelt alikuja kuwinda mwaka 1883. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Februari, mama yake na mkewe walikufa siku moja, katika nyumba moja, naye akarudi kwenye mabonde yale kufuga ng'ombe na kukaa na huzuni yake mbali na watu. Baadaye akawa rais wa Marekani, na wasikilizaji wetu wa Kijabe wanajua kwamba mwaka 1909 alifika kwao akaweka jiwe la msingi la shule. Hayo kijana wetu alitusomea kwenye ubao, kisha akasimama akitazama mabonde kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma ubao.

Siku ya Jumamosi tuliingia jimbo la Montana. Tangu asubuhi gari lilikuwa likiyumba kidogo upande wa kulia, kama mtu mwenye kiatu kinachombana. Baba alilisikia. Yeye aliyeteremka na lori la kahawa miaka yote ile, akiwa na utingo wa kugonga matairi kwa chuma kila kituo, alilisikia akanyamaza, kwa kuwa alikuwa mgeni na gari halikuwa lake. Kijana wetu naye alilisikia akanyamaza, kwa sababu aliyoijua mwenyewe.

Tulisimama kutia petroli katika mji mdogo wa Glendive. Hapo palikuwa na mzee mmoja, dereva wa lori la kubebea ng'ombe, akizunguka lori lake na rungu fupi la mti, akigonga tairi moja moja na kusikiliza. Alipomaliza alitutazama, akatazama gari letu, akauliza kama anaweza kuligonga na letu. Tairi la mbele lilijibu "ting". La nyuma la nje likajibu "ting". Kisha akainama, akapitisha rungu kati ya magurudumu, akagonga la ndani. Likajibu "dup", kama gunia la mahindi.

Halikuwa na upepo hata kidogo.

Ndugu wasikilizaji, wale mlio madereva mnalifahamu jambo hili, lakini wengine tuwaeleze. Magurudumu yakiwa mawili mawili, la ndani likiishiwa na upepo hulioni. La nje linasimama wima na kulificha. Gari halianguki, linaendelea kwenda, na kwa macho kila kitu ni kizuri. Lakini lile la nje linabeba mzigo wa mawili, na lile la ndani linasagwa na kupata moto kila maili, mpaka la nje nalo lipasuke, au moto uwake kabisa. Mzee yule aliweka kiganja karibu na mpira akakiondoa upesi. Akatuambia kwamba kwa joto lile hatukubakiwa na safari ndefu.

Tulikuwa tumemwomba Mungu ayatunze magurudumu, naye alikuwa amemtuma mtu mwenye rungu. Hatukumwuliza jina.

Makanika wa hapo alikuwa karibu kufunga. Alimulika tairi kwa tochi akamwonyesha Baba tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya ubavuni: 3109. Maana yake ni kwamba liliundwa juma la 31 la mwaka 2009. Lilikuwa na umri wa miaka 10. Meno yake yalikuwa bado marefu kama ya tairi jipya, lakini mpira huzeeka hata gari likisimama tu chini ya mti, na matairi yote manne ya nyuma yalikuwa ya umri mmoja. Yangeagizwa kutoka Billings, maili zaidi ya 200, yafike Jumatatu. Aliomba sehemu ya malipo kabla ya kuagiza. Kijana wetu akatoa kadi ya benki. Mashine ikaikataa. Akatoa nyingine, nayo ikakataliwa. Akasema anakwenda kupiga simu nje, akatoka, nasi tukamwona kupitia dirisha la gereji akiwa amesimama peke yake, simu iko mfukoni.

Makanika alikuwa mtu mwema. Alituruhusu kulala nyuma ya gereji yake, akasema mambo ya fedha yatazungumzwa.

Jua la Julai huko huzama saa tatu usiku, na joto lilikuwa kali. Tuliwasha feni, tukawasha taa, tukala ugali kimya. Sasa gari-nyumba lina betri ya kuwasha injini na betri nyingine ya nyumba, inayotumika kwa taa, feni na pampu ya maji. Hata friji, ingawa linapoza kwa moto wa gesi, lina kiungo fulani kinachotaka betri hiyo. Gari lisipokwenda, wala halijaunganishwa na umeme, betri inakunywewa kama maji ya mtungi. Kama saa nne na nusu feni ilipunguza mwendo, taa ikawa ya manjano, kisha nyekundu, kisha ikazimika. Tukabaki gizani, watu watatu katika chumba kidogo, tukinusa maziwa yanayoharibika.

Labda kama taa zingewaka asingesema. Tumefikiri hivyo mara nyingi. Sauti yake ilitoka pale mlangoni alipokuwa ameketi kwenye ngazi.

"Baba, Mama, gari hili si la kuazima. Ni langu. Ndiyo nyumba yangu."

Mama aliuliza, "Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu Oktoba."

Kazi yake ilikuwa imekwisha mwezi wa Agosti mwaka 2018. Alitafuta nyingine, akapata za siku mbili tatu. Kodi ya nyumba ilipomshinda, alinunua gari lile kwa mzee mmoja aliyeliacha limesimama uani kwa miaka, akaingia humo na vitu vyake. Huko Seattle hakuhamishwa na mtu. Alikuwa amesikia kuna kazi ya usiku katika ghala, akaahidiwa akifika ataandikwa. Mwisho wa Januari mwaka 2019 baridi ya Minneapolis ilishuka zaidi ya nyuzi 30 za sentigredi chini ya sifuri. Siku hizo alilala sakafuni kwa rafiki, na aliporudi alikuta mabomba ya maji yamepasuka.

Mama aliikumbuka Januari hiyo. Alikuwa amempigia simu juu ya paa la kanisa. Alimwuliza mbona sauti yake inatetemeka, naye akajibu kwamba ni mtandao wa simu.

Maana miezi ile yote fedha hazikukoma kuja. Hapa ndipo ilipo aibu yetu, nasi tunaisema redioni kwa sababu tuliipokea heshima yake hadharani. Ada ya mdogo wake ilifika. Fedha za paa zilifika. Siku ya harambee jina letu lilisomwa kwa kipaza sauti, kwamba kijana wetu aliye Marekani ametoa kiasi hiki na hiki. Watu wakapiga makofi, na sisi tukajiweka sawa vitini. Alikuwa amezikopa. Tiketi zetu za ndege alizikopa pia.

"Kwa nini hukutuambia?" Mama alisema.

Alikaa kimya kidogo, akajibu bila hasira, "Mama, kila simu ilianza na salamu na kuisha na hesabu. Sikupata pa kuingilia."

Tuliposikia hivyo, hakuna kati yetu aliyepata jibu. Baba hakusema lolote kwa muda mrefu. Tulifikiri amelala. Kisha alisema neno moja tu: "Sikuinama." Hatujui kama kijana wetu alifikiri anasema juu ya tairi.

Asubuhi ya Jumapili tulitembea kwa miguu mpaka kanisa dogo la karibu tukaabudu na watu wachache wenye kofia za jua mapajani. Tuliporudi tulimkuta makanika amekuja siku yake ya mapumziko, akavuta waya mrefu kutoka gereji na kuunganisha betri yetu na umeme. Alikataa kulipwa kwa hilo.

Mama alifungua pindo la leso. Kijana wetu akakataa katakata. Alisema fedha hizo ni za kununulia zawadi za watu wa nyumbani, na kwamba hawezi kula ng'ombe wa wazazi wake. Yakawa mashindano mpaka Mama akatumia sauti yake ya darasani. "Huyo ng'ombe ulimnunua wewe, mwaka ule ulipopata kazi ya kwanza. Sisi tulimkamua tu." Basi yule Friesian akageuka matairi manne. Watu wa nyumbani tuliwarudia mikono mitupu, na wengine mpaka leo hawajatusamehe.

Siku ya Jumatatu makanika alipolitoa lile la ndani alituonyesha nyuzi zake zimetoka kama matumbo, na katikati msumari mrefu kama kidole. Baba aliuomba ule msumari. Uko nyumbani kwetu, juu ya kabati la redio.

Tangu hapo Baba alikaa mbele. Tulipita Billings, mji ambao mwaka 1962 mtu mmoja, Dave Drum, aliona wasafiri wengi wakipita kwenda kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Seattle bila kuwa na mahali pa kulala, akawatengenezea uwanja wa kupigia kambi kando ya mto Yellowstone. Kwa wazo hilo viwanja vya namna hiyo vikaenea nchi nzima. Sisi hatukulala humo, maana kiwanja kinataka fedha. Tulilala kwenye uwanja wa magari wa duka kubwa, mbali na mlango, kwa ruhusa.

Karibu na Livingston kuna upepo unaojulikana na madereva wote, na mabao ya kuonya magari marefu. Upepo ulitupiga ubavuni kama bega la fahali. Turubai la kivuli lililokunjwa juu ya mlango likakatika kamba moja, likaanza kupigapiga ukuta. Kijana wetu alitaka kukaza mwendo ili tuvuke upesi. Baba akamwambia apunguze, aende polepole, asishindane na usukani. Tulitoka upande wa pili na turubai tumelifunga kwa leso ile ile, ambayo sasa ilikuwa haina kitu cha kulinda.

Kisha milima. Katika mpaka wa Montana na Idaho barabara hupanda mpaka Lookout Pass, zaidi ya futi 4,700, halafu inashuka kwa nguvu. Kijana wetu alishuka akikanyaga breki, akikanyaga tena, mpaka harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mama alifikiri ni ugali. Baba hakungoja kuulizwa. "Toa mguu. Shusha gia. Iache injini ikushike." Injini ikaunguruma, mwendo ukapungua, harufu ikaisha. Akamweleza jinsi walivyokuwa wakishuka na lori kuelekea Mai Mahiu, kupita lile kanisa dogo la wasafiri lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942: gia unayopandia mlima ndiyo unayoshukia, na breki unaiweka akiba ya dharura. Kijana wetu alicheka kwa mara ya kwanza tangu Glendive. Alisema, "Baba, mbona hukuniambia haya tangu Minneapolis?" Baba akasema, "Nilidhani unajua kila kitu." Kijana akasema, "Nami nilidhani mnataka nijue."

Tulifika Seattle siku ya Alhamisi, juma moja baada ya kuondoka. Kazi ya ghala ilikuwapo kweli. Tulikaa naye siku tisa ndani ya gari-nyumba, yeye akilala mchana na sisi usiku, na Mama alikuwa amekwisha kujifunza kufunga makabati mpaka yalie "tik". Kila asubuhi kabla ya kulala kijana wetu alichukua kipande cha mti, akaligonga kila tairi, akiinama kwa yale ya ndani, ingawa gari lilikuwa limesimama.

Tuliporudi nyumbani tulimwendea mzee wa kanisa tukamweleza jambo lote. Harambee iliyofuata jina letu lilisomwa pamoja na trei mbili za mayai. Kulikuwa na minong'ono. Watu wawili walikuja baadaye, usiku, kila mmoja kwa wakati wake, wakatuambia kwamba na wao wana mtoto ng'ambo, na kwamba siku hizi anaongea kwa kifupi sana katika simu.

Madeni yalimchukua kijana wetu miaka miwili. Mwaka 2021 alipanga chumba, akaliuza gari-nyumba kwa mume na mke waliotaka kuzunguka nchi, akawaonyesha tarakimu za matairi kabla hawajauliza.

Simu yake huja Jumapili jioni. Baada ya salamu Mama humwuliza, "Na la ndani?" Yeye hucheka, husema lina upepo, nasi tunaendelea na habari za ng'ombe na mvua. Jumapili moja hakucheka. Tulisikia pumzi yake tu, kisha akasema, "Limepungua kidogo, Mama." Baba akasogeza kiti karibu na simu. Maziwa yaliyokuwa jikoni yalichemka yakamwagika, tukayaacha yamwagike, tukasikiliza mpaka salio likaisha. Naye akapiga tena.